Mchezo Wenye Ila na Bei Iliyoshushwa: Nasaha kwa Mnunuzi wa Chunya

Kila uingiapo msimu wa punguzo katika maduka ya michezo ya kompyuta, nao huingia mara kadhaa kwa mwaka, vijana wa Chunya waliojaaliwa kompyuta au mashine ya PlayStation huona jambo moja likijirudia: mchezo wa vita uliotoka kwa vishindo, ukauzwa ghali, ukalaaniwa na wanunuzi wa mwanzo kwa sababu ya dosari zake, sasa umewekwa mbele yao kwa thumni ya bei ile, pengine kwa chini ya hapo. Nazungumzia michezo ile ya bunduki ambayo mchezaji hauoni mwili wake, bali huona mikono yake, silaha yake na adui aliye mbele, hata macho ya mpiganaji yakawa ndiyo macho yake mwenyewe. Swali waulizalo vijana hao ni la haki: je, kitu kilichokuwa kibaya kwa bei ghali hakiwi kizuri kwa bei rahisi? Jawabu langu ni kwamba punguzo haliponyi ila, hupunguza tu hasara ya mwenye kuipata; na kwamba ila iliyowakasirisha wanunuzi wa Ulaya na Marekani aghalabu siyo ile itakayomtesa mnunuzi wa Chunya, kwa hiyo asiyepima kwa mizani ya mahali pake huenda akaukataa mchezo ambao ungemfaa, na kuupokea ule utakaomla fedha zake bure.

Yafaa kujua kwanza bei hushuka kwa nini. Mchezo unaopakuliwa kwa intaneti haujazi ghala wala hauharibiki kwa kukaa, na kutoa nakala moja zaidi hakumgharimu mchapishaji kitu cha kutajika. Kwa hiyo anaposhusha bei halazimishwi na gharama ya kuuweka, bali hutafuta wanunuzi wa daraja la pili na la tatu, wale ambao kwa bei ya mwanzo wasingenunua kabisa. Huu ni utaratibu wa biashara usio na lawama, na mchezo mzuri nao hupita humo humo kadiri umri wake unavyosonga. Lakini mchezo uliofedheheka huteremka upesi zaidi, na kwa sababu nyingine: katika mchezo wa vita unaokutanisha watu wengi, baadhi ya wachezaji wakiondoka hata waliobaki hukosa wa kupigana naye, na mchapishaji huona heri kuwaingiza wapya karibu na bure kuliko kuuacha uwanja mtupu. Basi mnunuzi wa namna hiyo hapewi hisani, anaalikwa kujaza nafasi, na ni haki yake kuufahamu mwaliko kabla hajaufurahia.

Mfano ulio dhahiri ni Battlefield 2042, uliotengenezwa na DICE ya Sweden na kutolewa na Electronic Arts mwezi wa Novemba 2021. Ulikuja na ahadi ya watu 128 kupigana katika uwanja mmoja, ukauzwa dola 60 kwa kompyuta na dola 70 kwa PlayStation 5. Lakini ulipofika mikononi mwa watu ulionekana hauna hadithi ya kuchezwa na mtu peke yake, hauna njia ya wachezaji kusemezana kwa sauti humo humo mchezoni, madaraja ya askari yaliyozoeleka katika michezo iliyoutangulia yameondolewa, na viwanja vyake ni vipana mno hata mtu hukimbia kitambo kirefu ili afe mara moja. Wenyewe walijitahidi kuutengeneza: viwanja vikarekebishwa, sauti ikaongezwa, na mwanzoni mwa mwaka 2023 madaraja ya askari yakarudishwa. Kwa insafu, mchezo huo siyo tena ule uliolaaniwa. Bei yake imeonekana ikianguka chini ya dola 10, na mtu wa Stockholm mwenye intaneti ya waya asiyoihesabu matumizi yake, lau angeniuliza, ningemwambia anunue bila kusita.

Sasa tuuchukue mchezo huo huo, kwa bei hiyo hiyo, tuupandishe barabara ya lami kutoka Mbeya hadi Chunya. Watengenezaji wake wametaka nafasi ya GB 100 katika kompyuta. Tukadirie, kwa wepesi wa hesabu tu, kwamba dola 10 ni shilingi 25,000, na kwamba bando lako linakupa GB moja kwa shilingi 1,000; kila msomaji aweke badala yake bei anayolipa yeye. Kuupakua tu kutakula shilingi kama 100,000, yaani mara nne ya bei ya mchezo wenyewe, na hapo hujafyatua risasi hata moja, wala hujahesabu masahihisho ambayo mchezo wa namna hii huyadai kila mara kabla ya kukufungulia mlango. Kisha, maadamu hauna hadithi ya peke yako, kila mara utakapoucheza utahitaji mtandao, na mtandao huo uwe mwepesi. Nazo seva ambazo mchezaji wa Tanzania huunganishwa nazo aghalabu ziko Afrika Kusini, au Ghuba, au Ulaya. Katika mchezo wa karata kuchelewa kidogo hakuna madhara, lakini katika mchezo wa bunduki kuchelewa kidogo maana yake ni kwamba umekwisha kuuawa kwenye seva wakati kioo chako bado kinakuonyesha adui akichomoza kwenye kona. Hakuna ustadi uwezao kuifidia dosari hiyo, na hakuna mkosoaji wa ng'ambo aliyeiandika, kwa sababu yeye haimpati.

Watu wa Chunya hawahitaji mgeni awafundishe hesabu ya namna hii, maana wanaifanya kila siku katika dhahabu. Mawe yanapokwisha kusagwa kwenye karasha na mchanga wake kuoshwa mwaloni, mabaki yanayoitwa marudio hayatupwi. Huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjulia, ambao kwa sianidi huweza kuitoa dhahabu ambayo maji yaliiacha. Lakini mnunuzi wa marudio hadanganywi na ukubwa wa kifusi, wala hamwulizi mwenye kifusi alitumia kiasi gani kuchimba duara. Huchukua sampuli, akaipeleka ipimwe, akajua kila tani ina dhahabu kiasi gani. Kisha hujumlisha usafiri wa lori, chokaa, sianidi, kaboni, umeme na ujira wa vibarua, na ndipo hutamka bei. Viko vifusi ambavyo hata ukipewa bure vitakutia hasara, na viko vinavyouzwa ghali vikaleta faida, kwa kuwa bei ya kifusi ni sehemu ndogo tu ya gharama. Mchezo wenye ila uliowekewa punguzo ni marudio hasa: fedha kubwa ya mwanzo ilikwisha kuliwa na wengine, na wewe unaulizwa kama kilichobaki kinastahili gharama ya kukichenjua. Bando ndilo lori lako, umeme na saa zako ndizo sianidi na chokaa, na sampuli, kama nitakavyoeleza mbele, unayo haki ya kuichukua.

Iko ila nyingine iliyo mbaya kuliko uzito, nayo ni ile ya mchezo usiokuwa wako hata baada ya kuulipia. Mwaka 2024 Sony ilitoa Concord, mchezo wa bunduki wa mtandaoni uliouzwa dola 40. Ulitoka tarehe 23 Agosti na ukazimwa tarehe 6 Septemba, wala haukutimiza majuma matatu. Walionunua walirudishiwa fedha zao, na hilo lilikuwa jambo la haki, lakini si kila mchapishaji atafanya hivyo, wala si kila mnunuzi wa diski mkononi mwa mtu atarudishiwa kitu. Redfall, mchezo wa kuwawinda mavampaya uliotengenezwa na Arkane Austin na kutoka Mei 2023, ulilazimisha mtandao hata kwa mtu anayecheza peke yake. Mwaka mmoja baadaye wenye kampuni walitangaza kuifunga studio ile, na huo ungekuwa mwisho wa mchezo, lakini mwishoni mwa Mei 2024 mafundi wake walitoa sahihisho la mwisho lililouwezesha kuchezwa bila mtandao. Kwa mtu wa Chunya, Redfall kabla ya sahihisho hilo na Redfall baada yake ni bidhaa mbili mbali. Wa kwanza nisingeuchukua hata kwa dola moja. Wa pili, pamoja na maadui wake wapumbavu na mji wake uliopwaya, waweza kufikiriwa na mtu apendaye hadithi za mavampaya, akisha kuuhakiki uzito wake. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla ya bei na kabla ya maoni ya wakosoaji, liwe hili: je, siku mtandao ukikatika, mchezo huu utafunguka?

Hapo huja mtu akasema kwamba iko michezo iliyoanza vibaya ikapona, na kwamba mwenye subira hupata mzima kwa bei ya mgonjwa. Ni kweli, na mfano utajwao sana ni Cyberpunk 2077 wa CD Projekt Red ya Poland, mchezo wa hadithi ndefu unaochezwa kwa jicho la mhusika na wenye bunduki nyingi, uliotoka tarehe 10 Desemba 2020 ukiwa umejaa makosa kiasi kwamba Sony iliuondoa katika duka lake la PlayStation mwezi ule ule, ukarudishwa Juni 2021. Watengenezaji waliushughulikia miaka mingi, na sahihisho kubwa la Septemba 2023, lililopewa namba 2.0, ndilo lililowafanya watu wengi waseme kwamba sasa ni mchezo uliokamilika. Lakini sahihisho hilo lilitolewa kwa kompyuta, kwa PlayStation 5 na kwa Xbox za kizazi kipya. PlayStation 4 na Xbox One hazikulipata. Diski ya PlayStation 4 utakayoikuta kwa muuzaji wa Mwanjelwa, Mbeya, kwa bei ya kuvutia ina jina lile lile na picha ile ile, na mashine yako itaisoma, lakini uponyaji wote uliosifiwa hutaupata humo. Aidha diski iliyochapwa siku za mwanzo ina mchezo wa siku za mwanzo. Masahihisho yaliyokubaliwa kwa mashine hiyo bado yatakudai bando. Muulizaji makini haulizi tu kama mchezo umepona, huuliza umepona katika mashine gani.

Mambo ya namna hii yalikuwako hata zamani kidogo, na mashine za PlayStation 3 zingalipo nyingi katika nyumba na vibanda vyetu hata isiwe bure kuyakumbusha. Call of Duty: Black Ops III wa mwaka 2015, uliotolewa kwa PlayStation 4 ukiwa na kampeni kamili ambayo watu wawili waweza kuicheza pamoja kwa kioo kilichogawanywa, ulitolewa kwa PlayStation 3 bila kampeni hiyo kabisa. Mwenye PlayStation 3 anayeinunua diski hiyo kwa sababu ya hadithi aliyosimuliwa na rafiki mwenye PlayStation 4 atakuwa amenunua kitu kingine chini ya jina lile.

Upande wa pili wa mizani nauweka mchezo mmoja wa zamani ambao naamini unamfaa mtu wa Chunya kuliko mingi iliyotoka jana, na juu yake nitakawia, kwa kuwa ndani yake zimo ila za kila aina, ndogo, kubwa na zile zisizokuwa ila. Huo ni Far Cry 2, uliotengenezwa na studio ya Ubisoft iliyoko Montreal nchini Kanada, chini ya uongozi wa Clint Hocking, ukatolewa Oktoba 2008. Unachezwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa, yenye mbuga, jangwa, misitu na mito, na watengenezaji wake walisafiri hadi Kenya kuzitazama mbuga kwa macho yao. Mchezaji ni askari wa kukodiwa aliyetumwa kumwua mwuza silaha aitwaye Jackal, ambaye amezigawia bunduki pande zote mbili za vita. Tangu siku ya kwanza mchezaji huyo anaugua malaria, na ujira wa kazi zake hulipwa kwa almasi.

Dosari zake hazikufichika mwaka ule wala hazifichiki leo. Vizuizi vya barabarani vimejaa watu wenye silaha, na ukivisafisha ukaenda mwendo mfupi na kurudi, utawakuta wengine wamesimama pale pale kana kwamba hujapata kupita, hata safari ya kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine ikageuka mlolongo wa vita visivyo na haja. Bunduki iliyookotwa kwa adui huwa imeliwa na kutu na hukwama wakati risasi zinakujia. Homa hukupanda katikati ya kazi, macho yakafifia, ikakulazimu umeze vidonge. Na vidonge vikiisha huna budi kuacha yote uende ukawatumikie raia waliojificha ili wakupe vingine. Hata wale wanaokuajiri, ukikutana na askari wao njiani, hukupiga risasi bila kukujua.

Katika hizo, bunduki inayokwama na homa inayopanda mimi sizihesabu kuwa ila. Walioudhika nazo walitaka mchezo utakaowatii, na huu haukukusudiwa kutii. Ulikusudiwa kumfanya mwenye bunduki awe dhaifu, aogope, apange shauri lake kisha shauri livunjike mikononi mwake. Moto wake ni mfano mzuri wa hayo: ukiwasha nyasi kavu, upepo huuchukua, nao hufuata njia yake, ukawaunguza adui au ukakugeukia mwenyewe, jambo ambalo mtu aliyewahi kuona moto wa kiangazi ukikimbia katika miombo ya Lupa hatahitaji kuelezwa. Ramani huikunjua mikononi ukiwa unaendesha gari. Rafiki uliyempata hapo kabla huja kukukokota ukianguka, na siku nyingine yeye ndiye alalaye chini, nawe ukalazimika kuamua la kumfanyia. Mambo haya yalikuwa ya thamani mwaka 2008, na hayajachakaa.

Ila ya vizuizi ni ya kweli, nayo ina dawa ya nusu: tumia mito, kwa kuwa mashua hupita mahali pengi pasipo walinzi, na tumia vituo vya basi vilivyo pembezoni mwa nchi ile kwa safari ndefu, badala ya kung'ang'ania barabara kuu. Aidha nunua bunduki mpya dukani kwa almasi zako mapema, usizitegemee za kuokota. Mchezaji akishika desturi hizo, sehemu kubwa ya kero humwondokea.

Lakini iko ila moja ambayo wakosoaji wa mbali waliipita kwa wepesi, na mimi naiona nzito kuliko zote: nchi ile haina wenyewe. Husikii soko, humwoni mwanamke akitoka kisimani, hakuna shamba la mtu, hakuna mtoto, hakuna mzee barazani. Wamo wanaume wenye bunduki, na wageni waliokuja kuuza vita, na raia wachache waliofungiwa katika maficho ili wawe na sababu ya kukupa vidonge. Hadithi hujipa udhuru kwamba wananchi wamekwisha kukimbia vita, na udhuru huo unawezekana; hata hivyo mtu wa Afrika hawezi kutembea saa nyingi katika nchi iliyofanana na yake, isiyo na mtu wa kusalimiana naye, asione kwamba bara lake limetumiwa kama pazia la nyuma la jukwaa kwa huzuni ya watu wengine. Sisemi haya ili mchezo ususiwe. Nasema ili kijana anayeununua aingie akijua, na mzazi aliye karibu naye apate la kuzungumza naye. Na kama moyo wake utatamani mchezo wa bunduki ambao Waafrika ndio wenye nchi na ndio watetezi wake, ajue kwamba jaribio liliwahi kufanywa karibu: Nairobi X, uliotoka mwaka 2015 kutoka studio ya Black Division Games ya Andrew Kaggia jijini Nairobi, ambamo viumbe wa anga za mbali wanauvamia mji ule. Dosari zitokanazo na ufinyu wa mtaji si sawa na dosari zitokanazo na pupa ya tajiri, na kazi ya namna hiyo, akiipata mtu, rai yangu ni kwamba asingojee punguzo.

Turudi kwenye gharama za Far Cry 2. Ulitoshea katika DVD moja, kwa hiyo kuupakua hakumalizi bando la mwezi. Ulitaka, kwa uchache, kompyuta yenye RAM ya GB 1, kiasi ambacho laptopu nyingi za mtumba zinakipita mbali, ingawa kadi ya picha ni sharti ikaguliwe kabla ya kulipa. Hadithi yake huchezwa bila mtandao. Bei yake ya kawaida katika duka la Steam ni karibu dola 10, na msimu wa punguzo hushuka mbali chini ya hapo. Na liko jambo jingine ambalo mtu wa mji wenye umeme usiotabirika atalithamini: kwa kompyuta mchezaji aweza kuhifadhi alipofika wakati wowote apendao, lakini kwa PlayStation 3 na Xbox 360 sharti afike kwanza katika nyumba ya salama. Umeme ukikatika kabla hajafika, kazi yote tangu nyumba iliyopita imepotea. Kwa sababu hiyo peke yake nakala ya kompyuta ni bora kwetu, na laptopu yenye betri nzima ni bora zaidi.

Sasa nieleze sampuli. Steam hukubali kumrudishia mnunuzi fedha zake akiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, maadamu hajaucheza mchezo zaidi ya saa 2. Hii ni haki kubwa, lakini kwa mtu wa bando ina mtego: siku zinahesabiwa tangu kulipa, si tangu kupakua. Anayelipa leo kisha akaupakua mchezo mzito kidogo kidogo kwa bando za usiku, huenda siku ya 15 ikamkuta bado hajaufungua, na haki yake imekwisha. Basi utaratibu ulio salama ni kupanga kwanza bando, ukahakikisha nafasi katika diski ya kompyuta, ndipo ukalipa na kuanza kupakua siku ile ile. Ukisha kufunguka, zile saa 2 usizitumie kuburudika bali kupima: endesha gari, ingia vitani, washa moto, zima data uone kama unaendelea, tazama kama picha inakwamakwama. Ukiwa na shaka, rudisha, wala usione haya. Sharti hilo liliwekwa na duka lenyewe. Jihadhari tu kwamba bando ulilolitumia hakuna atakayekurudishia, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na michezo myepesi.

Katika kulipa, wengi hutumia kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard wanayoifungua kupitia huduma za fedha za simu kama M-Pesa, na njia hiyo hufaa, ila utazame kiwango cha kubadili dola na ada yake kabla hujathibitisha, kwa sababu Steam humtoza mnunuzi wa Tanzania kwa dola. Wenye PlayStation wana tabu zaidi, maana Tanzania haina duka lake katika PlayStation Store, na watu hufungua akaunti za nchi nyingine. Kadi ya zawadi utakayonunua sharti iwe ya nchi ile ile ya akaunti, ama sivyo haitakubaliwa. Ama akaunti za kushea zinazouzwa kwa bei ya kutupa, ambazo muuzaji hukupa jina na nywila iliyo mikononi mwa wengine pia, mimi sishauri kabisa. Aliyekuuzia aweza kuibadili nywila kesho, nawe huna hati ya kumdai. Diski ya mtumba iliyo nzima, pamoja na mapungufu niliyoyataja, walau waweza kuiuza tena ukimaliza.

Mwenye kibanda cha gemu ana hesabu nyingine, nami nitaigusa kidogo tu. Mteja wake hulipa kwa muda au kwa mechi, na huja na mwenzake. Hadithi ndefu ya mtu mmoja haimfai hata iwe nzuri namna gani. Yeye atafute mchezo wa bunduki ambao watu wawili wanaweza kukaa mbele ya kioo kimoja, kama huo Black Ops III wa PlayStation 4, wala asivutwe na punguzo la Battlefield 2042, ambao hauna njia hiyo. Aidha aikumbuke alama ya umri: michezo yote niliyoitaja ya Battlefield, Far Cry na Cyberpunk imepewa na ESRB ya Marekani alama ya watu wa miaka 17 na zaidi, na kibanda kilicho njiani kwa watoto watokao shule hakifai kuionyesha mchana kutwa.

Aliyebaki na shaka baada ya yote haya na angoje. Punguzo la Steam hurudi majira ya Machi, na tena mwishoni mwa Juni, na tena majira ya Septemba au Oktoba, na tena Desemba. Mchezo ulioshuka bei mara moja kwa kawaida hushuka tena, na mara nyingi chini zaidi, kwa hiyo saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye ukurasa wa duka isimtie mtu pupa. Aweke mchezo anaoutaka katika orodha yake ya matamanio, duka litamjulisha lenyewe. Siku atakapoununua na kuupakua, aufungue mara moja akiwa bado na mtandao ili akaunti itambuliwe, kisha aiweke Steam katika hali ya kutotumia mtandao, azime data, na kama ni Far Cry 2, aanze kwa kwenda dukani kununua bunduki isiyo na kutu.